Mficha Uchi Hazai

Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Kwa kawaida methali hii huambiwa mgonjwa anayemwonea haya mganga, au mdaiwa anayeshindwa kueleza shida yake mpaka mali yake ikapigwa mnada. Leo tunapenda kuitumia kwa jambo ambalo halizungumzwi sana, ingawa limo katika nyumba nyingi za pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Nalo ni la mtu mzima asiyejua kusoma na kuandika, ambaye kila siku hufanya kazi ngumu ya kuficha kwamba hajui, na katika kuficha huko huizika hata haja iliyomo moyoni mwake.

Tunaandika haya tukiwaelekea watu wa namna mbili. Kwanza ni ndugu zetu wa visiwani, wa Unguja, Pemba na Mafia, ambao wengi wao wana jamaa waliovuka bahari wakaweka makazi Temeke na Kinondoni. Pili ni viongozi na watumishi wa Serikali, wa pande zote mbili za Muungano, waliokabidhiwa dhamana ya elimu. Tunaamini kwamba kila mmoja wao anaweza kusaidia, maadamu akubali kwanza kuliona jambo lenyewe.

Kuliona si rahisi. Apitaye Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala Rangi Tatu, ambako abiria wa Mafia hupanda magari ya kwenda kuvukia Nyamisati, au aingiaye katika vichochoro vya Tandale na Mwananyamala, hawezi kumtambua mtu huyu kwa kumtazama. Pengine ni mama muuza samaki anayejua hesabu za kichwa kumshinda kijana wa sekondari. Pengine ni fundi mwashi ambaye ukuta wake haupindi. Daladala zao huzitambua kwa rangi ya mstari uliopakwa ubavuni, na kwa sauti ya utingo. Wakipewa karatasi husema wamesahau miwani nyumbani. Wakiitwa shuleni kwa mwalimu wa mtoto, humtuma shangazi. Kwenye mkutano wa mtaa hukaa nyuma, na daftari la mahudhurio likikaribia huondoka kwenda kupokea simu. Wengine wameishi na wenzi wao wa ndoa miaka mingi bila ya siri hii kutoka.

Hapana budi tuseme wazi kwamba siri hiyo ina gharama, na gharama yenyewe inaongezeka. Tangu mwaka 2008, fedha zilipoanza kutumwa kwa simu katika nchi yetu, mfuko wa mnyonge umehamia ndani ya chombo kinachotaka kusomwa. Asiyeweza kusoma ujumbe humpa mtu mwingine simu yake pamoja na namba yake ya siri. Akipata mwaminifu, amesalimika. Akimpata mwizi, ameumia, wala hawezi kueleza ameibiwaje bila ya kukiri kwamba hajui kusoma. Vivyo hivyo kwa mikopo ya mitaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mkopaji hutia dole gumba chini ya maandishi asiyoyajua, na siku ya kuchukuliwa kitanda na jokofu ndipo anaposomewa kile alichokubali. Ilhali mikopo isiyo na riba, ambayo sheria inazitaka halmashauri ziitenge kutoka katika asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hutaka katiba ya kikundi, mihutasari na fomu. Basi mwenye haja kubwa zaidi ndiye anayekimbilia penye riba kubwa zaidi, kwa kuwa penye riba hapana maswali.

Je, mtu huyu anaogopa nini? Si herufi. Mtu aliyejenga nyumba, akalea watoto saba, akazika wazazi wake, hawezi kuogopa irabu tano. Anachoogopa ni kicheko. Anaogopa kuonekana na mkwewe akiwa ameketi kwenye dawati la mtoto. Anaogopa mwalimu mwenye umri wa mwanawe amwambie kwa ukali kwamba amekosea. Kuna msemo kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na watu hujifariji nao wakidhani kwamba mwenye kujificha hubaki na furaha yake. Katika jambo hili sivyo. Mwenye kujificha ndiye anayelia, tena hulia peke yake, kwa kuwa hata kilio chake hakitakiwi kujulikana.

Methali nyingine ambayo imewafungia wengi mlango ni ile ya samaki mkunje angali mbichi. Wavuvi wa visiwani wanajua ukweli wake kwa samaki. Lakini binadamu si ng'onda aliyeanikwa juani. Tunao ushahidi wa taifa zima kwamba mtu mzima hukunjika, na ushahidi huo si wa kusimuliwa na wageni, ni wa kwetu wenyewe.

Mwaka 1964, akiueleza Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, Mwalimu Julius Nyerere alishikilia kwamba watu wazima ndio waelimishwe kwanza, kwa sababu matunda ya elimu ya watoto yangechelewa miaka mingi kuonekana katika uchumi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 zikachaguliwa wilaya sita za kutangulia katika kampeni ya kisomo, na miongoni mwake zilikuwamo wilaya mbili za visiwani, Mafia katika Bahari ya Hindi na Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Mwaka huohuo chama cha TANU kiliazimia kwamba kazi hiyo ikamilike nchi nzima ifikapo mwisho wa mwaka 1975. Madarasa yalikaa chini ya miembe, katika vyumba vya shule baada ya watoto kuondoka, na mahali pa kazi, ambako mwaka 1973 Serikali iliagiza wafanyakazi nao wapewe nafasi ya kusoma. Mwaka 1975 kikaundwa chombo cha kudumu kwa sheria ya Bunge, yaani Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Matokeo yake yalitangazwa mbele ya ulimwengu. Mwaka 1967, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Katika mtihani wa mwaka 1975 idadi ilishuka ikawa 39, mwaka 1977 ikawa 27, na mwaka 1986 ikafika karibu 10. Hata tukichukulia kwamba mitihani ile ilipimwa kwa mkono mwepesi, bado ni dhahiri kwamba mamilioni ya watu waliopita umri wa kukunjwa walikunjika.

Nini kiliwatoa hofu? Fedha ilisaidia, na amri ya chama nayo haikukosa. Lakini tunadhani siri kubwa ilikuwa kwamba kutojua kulikuwa ni jambo la wote. Mtu alipokwenda darasani jioni, alimkuta jirani yake, na kiongozi wake wa nyumba kumi, na huenda na mama mkwe. Redio nayo ilizungumza na watu wazima kama watu wazima. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kusoma pamoja, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Aibu ya mtu mmoja ilipogawanywa kwa watu wote wa kitongoji, ilikuwa nyepesi mno kumzuia mtu.

Kisha zikaja shida za uchumi za miaka ya 1980. Posho za walimu zikakauka, vitabu vikakoma kuchapwa, taa za chemli zikakosa mafuta, na madarasa yakafa moja baada ya jingine. Waliokuwa wamejifunza kidogo wakasahau kwa kukosa cha kusoma, na watoto waliokosa shule wakakua. Hapo ndipo tulipopata tatizo la leo, ambalo kwa namna moja ni gumu kuliko la zamani. Mwaka 1967 asiyejua kusoma alikuwa mmoja wa wengi. Leo, katika jiji lenye shule kila kata, yeye ni mmoja wa wachache, na kila mtoto wa darasa la tatu anaweza kumwaibisha. Idadi imepungua, lakini aibu ya kila mmoja aliyebaki imeongezeka. Kiongozi anayepanga mambo kwa kutazama idadi tu hawezi kulijua hilo.

Yafaa pia tujikosoe kama jamii kwa maneno tuliyochagua. Kazi ile tuliiita kufuta ujinga. Nia ilikuwa njema, lakini jina lilimwambia mtu kabla hajaketi kwamba yeye ni mjinga. Huku pwani na visiwani jina hilo lilikosea maradufu. Wako wazee kwa mamia ambao wameuhitimu Msahafu tangu utotoni, na wengine hata leo huweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama mababu zetu walivyofanya. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi hizo huko Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18 zimehifadhiwa mpaka leo Goa, Uhindi. Mtu mwenye urithi huo akiitwa hajui kusoma kwa kuwa hajui herufi za Kirumi, ana haki ya kuona uchungu. Laiti angeambiwa kwamba anaongezewa herufi nyingine juu ya zile anazozijua, hofu ingepungua kwa nusu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hasa ndilo kiini cha maneno yetu. Hofu ya kuchekwa haimzuii mtu kusoma tu. Humfanya asahau anachokitaka. Ukimuuliza mtu mzima kwa nini hakwenda darasani, hujibu kwamba hana haja, kwamba umri umekwenda, kwamba biashara haitaki herufi. Amerudia jibu hilo mpaka ameliamini. Lakini haja ipo, nayo si ya kusoma kwa ujumla, maana hakuna mtu anayetamani kusoma kwa ujumla. Mama anatamani kuusoma mwenyewe ujumbe wa mwanawe aliye Maskati, bila ya mtoto wa jirani kuyajua mambo ya nyumba yake. Mwashi anatamani kusoma mchoro ili asiwe tena chini ya kijana asiyeweza kupanga tofali. Bibi anatamani kuandika jina la marehemu mumewe. Haja hizi ni ndogo kwa mizani ya ofisini, lakini ndizo zenye nguvu ya kumtoa mtu nyumbani usiku wa mvua.

Mfano ulio wazi tuliupata kwa majirani zetu wa Kenya. Mwezi Januari 2004, mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84 na aliyewahi kupigana katika vita vya Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo mjini Eldoret. Alivaa sare na kaptura na soksi kama wenzake wa miaka sita. Watu walicheka, na wako wazazi walionung'unika. Yeye alikwisha kusema anachokitaka: kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe ajue kama anayohubiriwa yamo, na kujua kuhesabu fedha zake asidhulumiwe. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza juu ya elimu katika Umoja wa Mataifa, naye akafariki dunia mwaka 2009 angali anajulikana kama mwanafunzi. Hatudhani kwamba mzee yule hakuwa na haya. Tunadhani kwamba haja yake aliitaja kwa jina, na ikiisha kutajwa, kicheko hakikuwa tena na pa kushika.

Watu wa Unguja hawahitaji kwenda Eldoret kutafuta mfano. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880 katika nyumba ya mafukara wenye asili ya utumwa. Hakuona darasa. Alikuwa akitembeza mjini vyungu alivyofinyanga mama yake, na sauti aliyoitumia kuviuza ndiyo iliyokuja kumtoa. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa mtu mzima, mama wa mtoto, akakubali kufundishwa kuimba na Ali Muhsin kama anavyofundishwa mwanagenzi, hata kwa Kiarabu. Alisimangwa kwa asili yake na kwa vyungu vyake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na sauti yake ikaingia katika santuri, na Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahili kuandikiwa kitabu. Lau angesikiliza masimango, Fumba ingekuwa na mfinyanzi mmoja zaidi, nasi tusingejua tumekosa nini.

Pamoja na wazee, liko kundi jipya ambalo hofu hii imelishika vibaya zaidi, nalo ni la wasichana waliokatiza masomo kwa ajili ya ujauzito. Kwa miaka mingi Tanzania Bara iliwafungia mlango wa shule za Serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanaweza kurudi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ukaeleza utaratibu wake. Zanzibar ilikuwa imetangulia katika jambo hili, na tunaisifu. Lakini mlango uliofunguliwa kwa waraka bado haujafunguliwa kwa macho ya watu. Msichana wa Yombo au wa Kawe aliyemwacha mtoto kwa bibi yake anajua kwamba sheria inamruhusu. Asichokijua ni kama atavumilia minong'ono ya siku ya kwanza. Wengine huchagua vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako huketi na wenye mkasa kama wao. Hatuoni kwamba kuchagua hivyo ni woga. Ni busara ya mtu aliyetafuta mahali ambapo haja yake inaweza kupumua.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu mambo machache, ambayo mengi hayahitaji bajeti kubwa. Madarasa ya watu wazima yawekwe karibu na masoko ya Tandika na Magomeni na katika misikiti na makanisa yanayoridhia, kwa saa ambazo muuza samaki amekwisha kufunga biashara. Mwalimu apewe posho yake kwa wakati, maana mwalimu mwenye njaa huwa mkali, na ukali ndio unaowarudisha watu nyumbani. Katika kikao cha kwanza asianze na herufi. Amuulize kila mmoja, faraghani, anataka kusoma nini, naye aanzie hapo. Vitabu vya kampeni ya zamani vilifundisha juu ya pamba, ndizi na uvuvi, na vilifaa kwa wakulima na wavuvi. Mkazi wa Mbagala anahitaji kitabu chenye ujumbe wa simu, mkataba wa mkopo, risiti, kadi ya kliniki na fomu ya halmashauri. Na katika kila ofisi ya kata awepo mtumishi wa kumsomea mwananchi maandishi kwa sauti ya chini, bila ya kumuuliza kwa kelele kama anajua kusoma.

Maofisa wa Bara na wa Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima ya Zanzibar nao yafaa wakutane na kubadilishana ujuzi. Mama aliyeanza kusoma Unguja akahamia Temeke kwa biashara asilazimike kuanza upya, wala kueleza upya aibu yake mbele ya wageni. Tunajua kwamba hofu haiko kwa raia peke yake. Wako watumishi wanaojua kwamba katika eneo lao watu wazima wengi hawajui kusoma, nao huogopa kuandika hivyo katika taarifa wasije wakaonekana wameshindwa kazi. Huyo naye anaficha uchi, na wilaya yake haitazaa.

Kwa ndugu zetu wa visiwani, tunasema kwamba jamaa yenu aliye Charambe au Hananasif pengine anasubiri neno moja tu kutoka kwenu. Msimtumie maneno mengi ya shauri. Mpigieni simu mumuulize kama kuna kitu angependa kukisoma mwenyewe. Akicheka na kubadili mazungumzo, msimfuatilie siku hiyo. Muulizeni tena baada ya mwezi. Na siku atakayowatumia ujumbe wake wa kwanza wenye herufi zilizokosewa, msiusahihishe. Mjibuni.

Nawe ambaye labda unasomewa makala hii na mtu mwingine, twakuomba ufanye jambo moja kabla ya jua la leo kuzama. Usijiapize kwamba utakwenda darasani. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, umwambie kile ambacho ungekisoma kama ungeweza. Hayo mengine, pamoja na darasa lenyewe, yatazungumzwa kesho.